Simu ya Daktari wa Mifugo Siku ya Sikukuu

Wadogo zangu, leo kona yetu ni ya mdogo wetu wa Machame, na kupitia kwake nazungumza na wote mliosomea mifugo mkaamua kujitegemea. Amemaliza Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), amesajiliwa na Baraza la Veterinari, ana pikipiki, ana mtungi wake wa naitrojeni wa kuhifadhia mbegu, na ana mtoto ambaye bado ananyonya. Ameandika hivi:

"Dada, shikamoo. Krismasi iliyopita simu yangu iliita tangu alfajiri, chakula cha mchana nikakila saa mbili usiku, na mume wangu alinuna mpaka tukalala. Ilipofika Pasaka nikaizima simu. Jumanne nilipoiwasha nikakuta mteja wangu mkubwa ameshapata daktari mwingine, na majirani zake watatu wamemfuata. Dada, niifanye kazi hii mpaka nyumba inishinde, au nikae na familia mpaka wateja waishe?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeifanya kazi hii muda mrefu kuliko wewe, na nakuambia huhitaji kuchagua kimojawapo. Lakini kwanza turudi kwenye maneno uliyoyapitia haraka: majirani watatu wamemfuata. Hao hukuwapata kwa tangazo. Yule mteja ndiye aliyekuletea, na alipoondoka akaondoka nao. Wateja wetu wengi tunawapata hivyo, mtu kwa mtu, na hakuna majira ambayo habari za daktari husafiri mbali kama majira ya sikukuu.

Wewe unaijua Desemba ya Kilimanjaro. Kuanzia tarehe 20 hivi, barabara ya kutoka Dar es Salaam imejaa mabasi na magari madogo, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha, ukoo wote uko uwanjani kwa babu. Sasa ng'ombe wa babu amezaa jana usiku, na asubuhi hawezi kusimama. Amelala, shingo ameipinda ubavuni, masikio yake ya baridi. Wewe unajua ni homa ya maziwa, kalsiamu imeshuka kwenye damu, na akiachwa mpaka kesho huenda asiione. Unafika, unamwekea kalsiamu polepole kwenye mshipa huku unausikiliza moyo, na mara nyingi hata hujamaliza kukusanya vifaa vyako ameshaanza kujikongoja anasimama. Wanaokutazama ni akina nani? Babu, ndiyo. Lakini yupo pia mwanawe anayefuga ng'ombe wa maziwa Tengeru, yupo shangazi mwenye kuku wa mayai Kibaha, yupo mkwe wa Same mwenye mbuzi. Siku ya kawaida wangekuona babu na kijana wa kazi tu.

Watu hao wakirudi makwao hawatakumbuka jina la dawa. Watakumbuka kwamba Krismasi ng'ombe wa babu aliinuka, na kwamba daktari alisalimia wazee kabla ya kuuliza maji ya kunawa. Na kama simu ilikuwa imezimwa, hao hao ndio waliosikia babu akisema daktari wake hapatikani. Hapo ndipo Pasaka yako ilipoharibika. Wafugaji wanaelewa kwamba daktari ni mtu, ana mtoto na ana kanisa. Kinachowakatisha tamaa ni kupiga simu na kukosa hata sauti ya kuwaambia waende wapi.

Basi kazi ya sikukuu inaanza wiki moja kabla. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu simu nyingi zilizokutoa kwenye meza yako Krismasi zingeweza kuzuiwa. Jiulize kwa nini ng'ombe wanaugua zaidi siku hizo. Kijana anayewalisha mwaka mzima ameomba ruhusa kwenda kwao. Aliyebaki zizini ni mjukuu kutoka mjini, ana moyo mzuri, anaona ng'ombe anamtazama, anammiminia pumba za mahindi nusu debe, jioni anamwongezea ugali na pilau iliyobaki. Wanga huo unachacha tumboni kwa kasi, tumbo linajaa asidi au gesi, na usiku wa manane simu inaita. Au majani yamekatwa ya siku mbili ili kesho watu wapumzike, yamerundikwa yakiwa mabichi mpaka yamepata moto. Au josho limerukwa kwa sababu ya wageni, kupe wamepata nafasi yao, na mwanzoni mwa Januari ndigana kali inakuja kukudai.

Kwa hiyo tarehe 15 au 16 Desemba kaa chini na daftari lako upige simu za dakika mbilimbili. Muulize kila mfugaji: nani atabaki na ng'ombe? Naomba nizungumze naye mwenyewe. Umwambie huyo mjukuu kiasi cha pumba kwa kipimo anachokiona, kopo fulani, mara ngapi kwa siku, na kwamba chakula cha sikukuu ni cha watu. Umwambie pia mbwa asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, inavunjika vipande vikali na kumchoma ndani. Kisha fungua kurasa za uhimilishaji. Ng'ombe uliyempandisha tarehe 20 Machi, ukihesabu siku 280, anaangukia tarehe 25 Desemba yenyewe. Wote uliowahudumia kati ya tarehe 10 na 31 Machi wajue kwa majina. Nenda ukawaone kabla, mwambie mwenye ng'ombe dalili za kuzaa kwa shida ni zipi na asubiri muda gani kabla hajakupigia. Mfugaji aliyepigiwa simu na daktari kabla hajaugua ng'ombe wake atalisimulia jambo hilo mezani bila kuombwa, kwa sababu wengi hawajawahi kulipata.

Na mtungi wako wa naitrojeni uujaze mapema. Mbegu zinahitaji kukaa katika nyuzi joto 196 chini ya sifuri, na msambazaji naye ana sikukuu yake. Hali kadhalika chanjo za kuku za kideri kwenye jokofu. Umeme ukikatika usiku wa mkesha, ujue barafu yako iko wapi.

Sasa tuje kwenye zamu. Huwezi kuwa peke yako siku 365, wala usijaribu. Tafuta mwenzako aliyesajiliwa, mtu ambaye ukiwa umelala ungemruhusu aingie zizi la baba yako mzazi. Bahati nzuri nchi yetu imetupangia yenyewe: wewe Mkristo, tafuta Mwislamu. Yeye akushikie Krismasi na Pasaka, wewe umshikie Idd zote mbili na Maulid. Siku kama Saba Saba, Nane Nane, Siku ya Nyerere na Uhuru mgawane kwa kupokezana. Jambo moja la kukumbuka ni kwamba Idd el Fitr inategemea mwezi kuonekana, kwa hiyo zamu yako iandikwe siku zote mbili zinazowezekana, usimwache mwenzako anapiga simu usiku kuuliza kama kesho ni wewe au ni yeye. Idd el Hajj ni rahisi zaidi, maana mwezi wa Mfunguo Tatu ukiandama mnajua siku tisa kabla. Na Idd el Hajj ina kazi yake nzuri ya mapema: wanaonunua wanyama wa kuchinja wanataka mnyama asiye na chongo, asiyechechemea, asiye mgonjwa wala aliyekonda mno. Jitolee kuwakagulia siku chache kabla. Watakufahamu kwa wema kabla ya kukuhitaji kwa shida.

Makubaliano ya zamu myaandike, hata kama ni rafiki yako wa chuo. Andikeni kwamba mteja wa zamu anarudi kwa daktari wake, na kwamba aliyehudumia atatuma siku hiyo hiyo ujumbe wa alichokiona, dawa aliyochoma, kipimo, na maziwa au nyama visitumike kwa siku ngapi. Fedha ya zamu ni ya aliyetoka usiku, yote. Ukitaka kukatiwa sehemu, zamu hiyo haitafika mwaka wa pili. Na usimwachie msaidizi wako ambaye si daktari aende peke yake kufanya mambo yaliyo nje ya idhini yake. Sheria yetu ya veterinari ya mwaka 2003 inataka awe chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa, na sikukuu haikuondolei wajibu huo. Kama umemwajiri na amefanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakutaka umlipe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Mlipe. Yeye naye ana mama anayemsubiri nyumbani.

Hata siku isiyo ya zamu yako, simu isizimwe kimya. Ielekeze kwa mwenzako, au weka ujumbe mfupi wenye jina lake na namba yake. Na siku ya zamu yako, jifunze kusikiliza kabla ya kuvaa buti. Ng'ombe anayesukuma muda mrefu na ndama hatoki, tumbo lililovimba upande wa kushoto kama ngoma, aliyezaa na hawezi kusimama, anayehema kwa shida na matezi yamevimba chini ya masikio: hao uwaendee sasa. Kuhasi, kukata pembe, kupunguza kwato, hayo yasubiri, na useme hivyo kwa upole. Kondo la nyuma ambalo halijatoka muda wa saa sita baada ya kuzaa, mwambie mwenye ng'ombe asilivute wala asilifungie jiwe. Utakuja kesho, ila apige tena kama ng'ombe amekataa kula au ana homa. Aliyeonekana na joto asubuhi anahimilishwa jioni, kwa hiyo unaweza kula na watu wako kwanza. Nusu ya Krismasi yako ingeokolewa na maswali matatu kwenye simu.

Kuna simu mbili ambazo sitaki uzikose hata ukiwa kanisani. Ya kwanza ni ya mbwa aliyeng'ata mtu. Wageni ni wengi, watoto hawamjui mbwa wa nyumba, mbwa wa mtaani anafuata harufu ya nyama. Watakupigia wewe kuuliza habari za mbwa. Wewe waulize kwanza habari za mtoto. Kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali leo, asingojee sikukuu iishe, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zake zikishajitokeza hakuna tiba. Mbwa kama yupo afungwe na kuangaliwa siku 10, asiuawe kwa hasira. Hapo hujapanda pikipiki, hujachukua senti, na huenda umeokoa roho.

Ya pili ni ya mtu anayeuliza: "Daktari, ng'ombe kafa ghafla, wageni wapo, tumpasue tu?" Mikoa yetu ya kaskazini inakijua kimeta. Kama damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au kwenye haja kubwa, mzoga usipasuliwe kabisa, na wewe umjulishe afisa mifugo saa hiyo hiyo. Usione aibu kuharibu sherehe. Kumbuka ugonjwa mwingine wa mifugo: mwishoni mwa 2006 Homa ya Bonde la Ufa ililipuka kaskazini mashariki mwa Kenya, na mapema 2007 ikaingia Tanzania. Mwaka ule Krismasi na Idd el Hajj zilifuatana, damu na nyama zilishikwa katika nyumba nyingi, na kabla mlipuko haujakoma watu zaidi ya 300 walikuwa wamekufa Kenya, Somalia na Tanzania. Na yule anayetaka kuchinja ng'ombe uliyemchoma dawa juzi, mkatalie hata akiwa ndiye mteja wako mkubwa. Ukishakubali mara moja, habari hiyo nayo itasafiri na mabasi ya Januari.

Kuhusu bei nitakuwa mfupi. Siku ya sikukuu unaweza kutoza zaidi, ni haki yako, ila itaje kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, pamoja na nauli. Malipo yawe siku hiyo. Anayekuambia "tutaonana Januari" anajua kama mimi na wewe tunavyojua kwamba Januari ni ya ada za shule.

Sasa hao wanaoletwa na wenzao. Mtu akimwambia jirani yake "mwite daktari wangu," ameweka jina lake mwenyewe rehani. Ukichelewa, ukinuka pombe, ukitoza bei tofauti na aliyoisema, aibu inamwangukia yeye kisimani na kwenye jumuiya. Ndiyo maana mteja mpya aliyeletwa anastahili uangalifu uleule unaompa wa zamani, hata kama ana mbuzi mmoja. Katika daftari lako ongeza mstari: ameelekezwa na nani. Siku hiyo hiyo mpigie aliyekuelekeza umwambie, "Nimefika kwa jirani yako, asante kwa kuniamini." Yaishie hapo. Ugonjwa wa ng'ombe wa jirani, deni la jirani, uchafu wa zizi la jirani, hayo hayamhusu.

Wengine watakushauri utoe kamisheni kwa kila mteja anayeletwa. Mimi napinga. Mtu akishalipwa kukusifia, sifa yake inakuwa biashara, na wanaomsikiliza watalijua hilo mapema kuliko unavyodhani. Mshukuru kwa maneno, na siku akikuita uitike haraka. Baada ya mwaka pitia ule mstari wa daftari. Mara nyingi utakuta wanaokuletea watu wengi si matajiri wa ng'ombe kumi. Ni mama anayepima maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, kijana wa duka la dawa za mifugo, dereva wa bodaboda anayekupeleka milimani. Wewe uko Machame, na hapo Nronga akina mama walianzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1988. Fikiria ni mangapi yanasemwa asubuhi moja watu wakiwa kwenye foleni na ndoo zao, na ng'ombe hukamuliwa hata Krismasi. Nenda mahali kama hapo asubuhi moja kabla ya sikukuu, uombe ruhusa, ueleze dalili za homa ya maziwa na za ugonjwa wa kiwele, uache namba yako na ya mwenzako wa zamu.

Akikupigia yule mwana wa babu anayefuga Tengeru, umekumbukwa, jambo jema. Usimtibie ng'ombe kwa simu. Mtafutie daktari aliye karibu naye, mpe jina, na umpigie huyo daktari mwenyewe umweleze. Mgonjwa aliyekuzidi uwezo naye umpeleke kwa mwenye uwezo, hata kama ni hospitali ya wanyama ya SUA kule Morogoro. Hofu ya vijana wengi ni kwamba mteja ukimtoa harudi. Niliyoyaona mimi ni kinyume: mfugaji uliyemwambia ukweli kwamba hili silimudu, atakuamini katika yale unayoyamudu.

Mteja wako wa Pasaka mtembelee. Usiende na mkoba wa dawa. Msalimie, muulizie ng'ombe, mwambie pole kwa siku ile alipokukosa na kwamba sasa kuna zamu. Kama ameridhika na daktari wake mpya mwache naye. Ila uliza jina la huyo daktari, maana mtu anayeitika simu Jumapili ya Pasaka ni mtu unayemhitaji kwenye zamu yako.

Na shemeji yangu huyo aliyenuna, usimlaumu. Hakuchukia ng'ombe, alikaa na sahani iliyofunikwa bila kujua utarudi saa ngapi. Mwonyeshe ratiba ya zamu kabla ya wageni kualikwa, achague naye siku ambazo ni zake na mtoto kabisa. Siku zako za zamu, chakula kiandaliwe mapema au mle jioni, na dada au mdogo wako aje kukaa na mtoto, tena maziwa ya mtoto uyaache yamekamuliwa. Na baada ya zamu ya Krismasi, tarehe 27 asubuhi mwenzako akuletee taarifa zake zote, nawe upige simu kila nyumba aliyoingia, uulize ng'ombe ameamkaje, na kama bado anasumbua upande pikipiki uende.